Linki ya Stabilaiza ya Nyuma Imechomoka: Kufunga Ile Ile, Kuweka Mpya, au Kuhamia ya Kurekebishika?

Gari la michezo linapoanza kutoa mlio mkavu wa chuma upande mmoja wa nyuma kila tairi linapopita kwenye kishimo kidogo, na mwenyewe akachungulia chini akaikuta linki ya stabilaiza (kiungo kifupi kinachounganisha suspensheni na fimbo inayozuia bodi isilale kwenye kona) inaning'inia, maswali mawili humjia kwa pamoja: je, gari linaweza kutembea hivyo hivyo mpaka kipuri kipatikane, na je, linki hiyo ifungwe tena au itafutwe nyingine? Swali la pili mara nyingi hujibiwa kwa kutajiwa majina ya vipuri. Hapa nitalijibu kwa kulinganisha njia zenyewe, yaani kufunga linki ile ile, kuweka mpya ya aina iliyokuja na gari, kuweka yenye bushi (pete za mpira au za plastiki), kuweka inayorekebishika urefu, na kuchomelea. Msimamo wangu ni mmoja: mahali linki ilipoachia ndipo panapoamua njia ya kufuata, na anayenunua kipuri kabla ya kupatazama mahali hapo ananunua kwa kubahatisha.

Nina sababu ya kusisitiza hivyo. Gari langu lilipoanza kugonga nyuma kushoto, gereji niliyolipeleka ilibadilisha shokapu zote mbili za nyuma bila kuigusa linki, nami nikarudi nyumbani na shokapu mpya na mlio ule ule. Wiki kadhaa baadaye linki ilichomoka kabisa nikiwa barabarani, kwa bahati njema bila ajali. Fundi wa pili alilala chini na tochi, akanionyesha kwamba nati ilikuwa imejilegeza taratibu kwa muda mrefu, na kwamba tundu la mkono wa suspensheni, pale linki inapofungwa, lilikuwa limekwisha kutanuka na kuwa la umbo la yai. Linki mpya peke yake, hata ingekuwa bora kuliko zote, isingedumu kwenye tundu lile.

Kinachopotea linki ikichomoka

Stabilaiza ni fimbo ya chuma cha springi iliyopindwa mfano wa herufi U, iliyoshikwa kwenye fremu kwa bushi mbili, na ncha zake zimeunganishwa na suspensheni ya kila upande kwa linki. Magurudumu yote mawili yakipanda kwa pamoja, fimbo huzunguka tu ndani ya bushi zake bila kukinza chochote. Gurudumu moja likipanda kuliko jingine, kama inavyotokea gari linapolala kwenye kona, fimbo husokotwa, na ukinzani wake dhidi ya kusokotwa ndio unaoizuia bodi isilale zaidi. Kwa hiyo linki moja ikichomoka, kinachopotea si nusu ya kazi. Fimbo imekosa pa kujishikiza upande wa pili, inafuata gurudumu moja peke yake, na stabilaiza nzima ya nyuma haipo kazini.

Kwenye gari la kawaida la familia dereva anaweza asitambue mapema. Kwenye gari la michezo hali ni tofauti, kwa kuwa uwiano wa stabilaiza ya mbele na ya nyuma ni sehemu ya jinsi gari lilivyopangwa kugeuka. Stabilaiza ya nyuma huhamishia gurudumu la nje uzito zaidi kwenye kona, hivyo matairi ya nyuma hupungukiwa ushikaji kidogo na pua hupata wepesi wa kugeuka. Ikitoka kazini, mzigo wa kuzuia bodi isilale huangukia mbele, matairi ya mbele hupoteza ushikaji kwanza, na gari huanza kukataa kona: usukani unakatwa lakini gari linachora mstari mpana kuliko dereva alivyokusudia. Dereva mpole anaweza hata kudhani gari limetulia zaidi. Hatari hujitokeza pale anapolazimika kukwepa kitu ghafla, kwa sababu bodi hulala zaidi, huchelewa kurudi, na gari halijibu kama mikono yake ilivyozoea.

Kuna hatari ya pili iliyo karibu zaidi, nayo ni ile ncha inayoning'inia. Nyuma ya gurudumu pana mpira wa breki, waya wa ABS (mfumo wa kuzuia matairi yasijifunge wakati wa breki), na kwenye magari mengi ya michezo pana draivu shafti, yaani fimbo inayozungusha gurudumu, pamoja na mpira wake wa grisi. Kipande cha chuma kinachochezacheza hapo kinaweza kukata kimojawapo kati ya hivyo au kugonga rimu kwa ndani. Wengi huifunga ncha hiyo kwa waya kwenye bodi na kuondoka, wakisahau kwamba upande wa pili bado umeunganishwa na gurudumu, na kila gurudumu hilo linapopanda au kushuka fimbo yote huzunguka na kuuvuta waya huo. Kama ni lazima gari lisogezwe, iliyo salama zaidi ni kuifungua na linki nzima ya upande wa pili, kuziondoa zote mbili, kisha kuifunga fimbo juu isiguse kitu, na kuendesha polepole hadi mahali pa matengenezo. Hii ni njia ya kulifikisha gari tu. Haimo katika ulinganisho unaofuata.

Kupasoma mahali ilipoachia

Linki ya kawaida ni fimbo fupi yenye boli jointi kila ncha, yaani gololi ya chuma iliyo ndani ya kikombe chenye grisi na kufunikwa kwa mpira wa kuzuia vumbi. Kutoka kwenye gololi hutokea bolti fupi inayopita kwenye tundu na kukazwa kwa nati. Mnyororo huo una sehemu chache za kuachia, na kila moja ina habari yake.

Iwapo nati ndiyo iliyotoka huku linki ikiwa nzima, chanzo karibu kila mara ni ukazaji. Huenda nati haikupewa nguvu inayotakiwa, au loku nati (nati ya kujifunga) ya zamani ilitumiwa mara ya pili, au ilikazwa juu ya kutu na rangi ambavyo vilisagika baadaye na kuacha nafasi. Vumbi jekundu la kutu na chuma kilichong'aa kuzunguka tundu ni ushahidi kwamba bolti ilikuwa ikicheza kwa muda mrefu kabla ya kutoka.

Gololi iliyochomoka kwenye kikombe husimulia jambo jingine. Mara nyingi mpira wa kuzuia vumbi ulipasuka kwanza, maji na mchanga vikaingia, grisi ikaoshwa, na kikombe kikalika hadi mdomo wake ukashindwa kuizuia gololi. Lakini kama linki ilikuwa bado changa, chunguza kama gari limeshushwa kwa springi fupi au kama pembe ya linki imebadilika kwa sababu nyingine. Boli jointi ina kikomo cha kuinama; ikilazimishwa kupita kikomo hicho kila suspensheni inapobanwa, gololi hung'olewa kama inavyong'olewa kwa mtaimbo, na linki mpya ya urefu ule ule itaishia vivyo hivyo.

Fimbo ya linki iliyokatika katikati huashiria kutu ya muda mrefu au mzigo uliozidi. Watu wanaobadilisha stabilaiza na kuweka nene zaidi husahau hesabu hii: ugumu wa fimbo inayosokotwa hupanda kwa kipeo cha 4 cha kipenyo chake, kwa hiyo kutoka milimita 20 hadi 22, ambako kwa macho ni tofauti ndogo sana, ugumu huongezeka kwa takriban asilimia 46, na kutoka 20 hadi 24 huongezeka zaidi ya maradufu. Mzigo huo wote hupitia kwenye linki zile zile nyembamba zilizokuja na gari.

Mwisho, mshikio wenyewe unaweza kuwa ndio ulioraruka, ama ule wa mkono wa suspensheni, ama ncha bapa ya stabilaiza. Hapo linki haina kosa, na ulinganisho wa linki haukusaidii hadi mshikio utengenezwe au ubadilishwe.

Kufunga tena linki ile ile

Njia hii hudharauliwa na wauza vipuri na kupendwa mno na wenye haraka, na wote wawili wana sehemu ya ukweli. Inafaa katika hali moja tu: nati ilitoka, nyuzi za bolti ni nzima, tundu bado ni la mviringo, mpira wa vumbi haujapasuka, na gololi ikishikwa kwa vidole inazunguka kwa uzito bila kucheza. Gololi inayolegea na kuanguka yenyewe kwa uzito wa bolti yake imekwisha, hata kama haijaanza kugonga. Ikivutika kutoka kwenye kikombe kwa kiasi chochote kinachohisika mkononi, vivyo hivyo imekwisha.

Anayechagua kufunga upya anunue angalau nati mpya, kwa sababu nati ya kujifunga, iwe ya nailoni au ya chuma kilichobanwa, hupoteza mshiko wake ikishafunguliwa. Ahakikishe nafasi ya nyuzi ni ile ile, maana bolti ya milimita 10 huwa na nyuzi za 1.25 au za 1.5, na ile ya milimita 12 ina aina zaidi ya hizo; nati isiyolingana huanza vizuri kwa mizunguko miwili, kisha inaua uzi. Asugue kutu na rangi kwenye uso wa mshikio mpaka chuma kikutane na chuma. Kisha akaze kwa spana ya toki, yaani inayopima nguvu ya kukaza, kwa kiwango kilichoandikwa kwenye kitabu cha gari hilo. Viwango hutofautiana sana kati ya gari na gari, na kukisia kwa mkono ndiko kulikoifungua nati mara ya kwanza.

Ikilinganishwa na njia nyingine zote, hii ni ya haraka na haihitaji kungoja kipuri. Udhaifu wake ni kwamba inategemea uaminifu wa macho ya anayekagua. Mimi huikubali kwa gari ambalo linki zake zilibadilishwa karibuni na nati haikukazwa ipasavyo. Kwa linki zilizokaa miaka mingi chini ya gari, kazi ya kuinua gari na kufungua tairi ni ile ile, na sioni busara ya kuifanya mara mbili.

Linki mpya ya aina ya kiwandani

Hii ndiyo njia ninayoipendekeza kwa gari la michezo linaloendeshwa barabarani, lenye urefu wake wa asili na stabilaiza yake ya asili. Urefu umekwisha kupangwa, pembe ziko ndani ya kikomo cha gololi, mpira wa vumbi umefungwa, haipigi kelele, na haihitaji matunzo. Wapo wanaozidharau linki za kiwandani zenye fimbo ya plastiki ngumu iliyoimarishwa kwa nyuzi za kioo, wakiamini chuma ni bora moja kwa moja. Fimbo hiyo haishiki kutu na ni nyepesi, na kinachoimaliza linki kwa kawaida ni gololi na kikombe chake. Linki ya chuma yenye kikombe hafifu haiishindi ile ya plastiki yenye kikombe kizuri.

Kwa hiyo, anapolinganisha linki mbili za aina hii mkononi, mnunuzi aitazame kwanza boli jointi. Bolti izunguke kwa ukinzani ulio sawa pande zote, bila mahali panapokwama. Mpira wa vumbi uwe umefungwa kwa ringi juu na chini. Zile zenye nipo ya grisi (kichuchu cha kuingizia grisi) zina faida ya kuweza kulishwa grisi mpya, ila zinamdai mwenye gari akumbuke kufanya hivyo, na akizidisha shinikizo mpira hupasuka na faida yote inageuka hasara. Halafu apime umbali kutoka katikati ya gololi moja hadi katikati ya nyingine, aulinganishe na wa linki ya zamani. Tofauti ya milimita chache kati ya kushoto na kulia inatosha kuisokota stabilaiza hata gari likiwa limesimama, na gari likaanza kugeuka upande mmoja tofauti na mwingine. Kwenye baadhi ya magari linki ya kushoto na ya kulia hazifanani, kwa kuwa bolti zake zimeelekezwa pembe tofauti. Alama iliyo kwenye mwili wa linki isipuuzwe.

Linki yenye bushi

Magari kadhaa, hasa ya miundo ya zamani, hutumia linki yenye bushi za mpira badala ya gololi, ama bolti ndefu iliyopita katikati ya bushi nne na washa zake, ama kipande kifupi chenye tundu la bushi kila ncha. Kwa gari lililozaliwa nayo, swali ni kama zibakie bushi za mpira wa kawaida au ziwekwe za poliyurethani. Mpira hunyamaza na hufyonza mitikisiko midogo, lakini hupasuka kwa umri na huharibiwa na mafuta. Poliyurethani ni ngumu zaidi na hudumu, stabilaiza hujibu mapema kidogo kwa sababu hakuna ulaini wa kuusubiri, ila hulia ikikosa grisi yake maalumu ya silikoni. Kwa gari la barabarani mimi hubaki na mpira. Kwa gari linaloingia uwanja wa mashindano mara kwa mara poliyurethani ina haki yake. Kuligeuza gari la gololi liwe la bushi hakuna faida niliyowahi kuiona.

Jambo moja linaitenganisha aina hii na zile za gololi wakati wa kufunga. Bushi iliyoshikwa pande zote mbili husokotwa yenyewe kila suspensheni inaposogea, kwa hiyo bolti yake hukazwa mwisho gari likiwa limesimama kwa miguu yake mwenyewe, uzito wote ukiwa juu ya matairi. Ikikazwa magurudumu yakining'inia, bushi itaishi maisha yake yote ikiwa imesokotwa, na itapasuka mapema. Linki ya gololi haina sharti hilo.

Linki inayorekebishika urefu

Hapa ndipo wenye magari ya michezo wanapovutwa zaidi, na ndipo maamuzi mengi huharibika. Linki inayorekebishika ina fimbo ya katikati yenye nyuzi za kulia ncha moja na za kushoto ncha nyingine, ili ikizungushwa irefuke au ifupike bila kufunguliwa, na nati mbili za kufungia huzuia isijizungushe. Kwenye ncha zake huwa na mojawapo ya aina mbili ambazo hazipaswi kuhesabiwa kama kitu kimoja: boli jointi iliyofungwa kama ya kiwandani, au jointi ya mashindano iliyo wazi, yenye gololi ya chuma inayosugua ndani ya pete yake bila kifuniko chochote.

Jointi iliyo wazi ni imara na haina ulaini hata kidogo. Lakini vumbi, maji na mchanga vina njia ya moja kwa moja kuingia, hivyo kwenye barabara za kila siku huanza kulegea na kugonga mapema kuliko iliyofungwa, na mwenye gari anarudi kwenye mlio ule ule uliompeleka dukani. Kwenye gari la mashindano linalokaguliwa kila baada ya mbio hilo si tatizo, kwa sababu kukagua ni sehemu ya ratiba. Kwa gari linalokwenda kazini Jumatatu, jointi iliyofungwa ndiyo ninayoweza kuitetea.

Ukiziweka linki ya kiwandani na inayorekebishika kando kwa kando juu ya meza, tofauti ya maana ni moja tu: ya pili inaweza kufuata urefu mpya wa gari. Kama gari limeshushwa, au limewekewa stabilaiza nyingine ambayo ncha zake zimekaa mahali tofauti, linki ya urefu wa asili huinama vibaya na kuipeleka gololi mwisho wa pembe yake. Hapo ile inayorekebishika inaondoa chanzo cha kuchomoka. Lakini kama gari liko kama lilivyotoka kiwandani, uwezo huo hauna kazi, na nati mbili za ziada kila upande ni sehemu mbili zaidi zinazoweza kulegea. Nimeona wenye magari ya asili wakizinunua kwa kuamini zitapunguza kulala kwa bodi. Linki haipunguzi wala haiongezi ugumu wa stabilaiza kwa kurefushwa. Ugumu uko kwenye unene wa fimbo ya stabilaiza na urefu wa mikono yake, na anayetaka mabadiliko hayo anapaswa kuitazama fimbo.

Anayezihitaji kweli lazima azipange, na kupanga kwenyewe ndiko kunakomtofautisha aliyenufaika na aliyejiharibia. Gari huwekwa kwenye sakafu iliyo tambarare, uzito wa dereva ukiwa kwenye kiti chake. Upande mmoja hufungwa kabisa, kisha wa pili hurefushwa au kufupishwa mpaka bolti iingie kwenye tundu kwa vidole, bila kusukumwa wala kuvutwa. Ikiingia kwa nguvu, stabilaiza imekwisha kusokotwa, na gari litakuwa na tabia mbili, moja ya kona za kushoto na nyingine za kulia. Nyuzi zilizobaki ndani ya fimbo zisipungue urefu ulio sawa na kipenyo cha bolti yenyewe, na zikizidi hapo ni vyema. Kabla ya kukaza nati za kufungia, ncha mbili zielekezwe ili kila gololi iwe katikati ya mchezo wake, kisha suspensheni ipandishwe na kushushwa kwa jeki huku mtu akiangalia kama linki inagusa kitu.

Kuchomelea

Nitasema machache, kwa kuwa sina mahali pa kuitetea njia hii kwenye linki. Joto la kuchomelea karibu na boli jointi huunguza grisi na kuyeyusha kikombe cha plastiki kilicho ndani, na fimbo nyembamba iliyochomelewa huwa na mahali pagumu na pasipo gumu vilivyokaa jirani, ndipo panapoanza ufa mpya kwa mzigo unaogeuka huku na huku maelfu ya mara. Ncha ya stabilaiza iliyopasuka nayo isichomelewe, kwa sababu chuma cha springi hupoteza sifa zake kwa joto hilo. Mkono wa suspensheni wa aluminiamu ulioraruka mshikio ubadilishwe mzima. Mahali pekee ninapokubali ni mshikio wa chuma cha kawaida kwenye mkono wa chuma, kwa mchomeleaji anayejua kazi ya suspensheni, betri ikiwa imefunguliwa ili kulinda vifaa vya umeme vya gari.

Moja au zote mbili, nyumbani au gereji

Linki za kushoto na kulia zimetembea umbali ule ule, mashimo yale yale, na umri ule ule. Moja ikiwa imekwisha kwa kuchakaa, nyingine iko njiani, na kwa stabilaiza inayotegemea pande zote mbili sawasawa napendelea kubadilisha jozi. Kubadilisha moja kunatosha pale ambapo nyingine ilibadilishwa karibuni, au ambapo tukio lilikuwa la nati tu.

Kuhusu nani aifanye, hii ni mojawapo ya kazi za suspensheni anazoweza kuzimudu mwenye gari aliye mwangalifu, na kubadilisha linki hakuhitaji kupanga upya magurudumu kwa sababu linki haishiki pembe za matairi. Vifaa vyake ni jeki, stendi za jeki, kabari za matairi ya mbele, spana, alenki (ufunguo wa pembe sita) ya kuishikilia bolti isizunguke pamoja na nati, na spana ya toki. Inua nyuma yote kwa pamoja, magurudumu yote mawili yakiwa kwenye kimo kimoja. Upande mmoja ukiinuliwa peke yake, stabilaiza husokotwa na linki hukataa kuingia, kisha watu huanza kuipiga nyundo. Gari lilalie stendi. Asilale mtu chini ya gari lililoshikwa na jeki tu.

Kinachonifanya nimshauri mtu aende gereji ni kutu. Nati iliyogandamana huzungusha bolti pamoja na gololi, tundu la alenki linakufa, na hatimaye inabidi kukata kwa grainda. Cheche za grainda nyuma ya gari ziko jirani na tangi la mafuta, mabomba yake na mpira wa breki, na kazi hiyo inamtaka mtu mwenye uzoefu na kizima moto karibu. Gereji nayo iombwe mambo mawili kwa maneno ya wazi: nati mpya ikazwe kwa spana ya toki badala ya mashine ya upepo, ambayo huizungusha gololi kwa kasi na kuupasua mpira wa vumbi siku ya kwanza, na bushi mbili za katikati za stabilaiza zikaguliwe, kwa kuwa zikilegea fimbo husogea pembeni na kuipa linki mzigo ambao haikutengenezewa. Magari yenye stabilaiza inayoendeshwa kwa umeme au haidroliki yaende kwa fundi wa mfumo huo moja kwa moja.

Gari langu hatimaye lilipata mkono mpya wa suspensheni upande wa kushoto, kwa ajili ya lile tundu la umbo la yai, na jozi ya linki za aina ya kiwandani, kwa sababu halijashushwa na stabilaiza yake ni ile ile. Baada ya kukaza, fundi alichora mstari mwembamba wa rangi nyeupe kutoka kwenye nati hadi kwenye chuma cha mshikio, kila upande, akaniambia nirudi kuutazama baada ya kilomita 100 hivi. Nilirudi nikalala chini na tochi yangu mwenyewe. Mstari ulikuwa umenyooka pande zote mbili.